Kosa Langu la Kichuguuni Tulieni

Ninyi mnaofungua simu kabla hata ya kunawa uso, nina maneno nanyi. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya wakala pale sokoni Mpanda, na kijana aliyekuwa mbele yangu akawa analalamika kwamba mtandao wa nchi hii ni takataka kwa sababu video yake ilikwama mara mbili. Mara mbili! Nilitaka kumshika sikio. Nikajizuia, maana siku hizi mzee akimshika mtoto wa watu sikio, jioni anajikuta yeye mwenyewe yumo kwenye video. Nikarudi nyumbani nikatafuta daftari.

Kazi ya simu nimeifanya tangu nikiwa na nywele kichwani. Nilianzia kwenye nguzo na waya hapahapa Mpanda, nikamalizia kwenye minara. Katikati hapo nilibadilishiwa mwajiri zaidi ya mara moja, lakini watu wa vijijini hawakujali nimevaa kofia ya nani. Wao waliniita Bwana Simu, iwe nimekuja kutengeneza, kupima, au nimepita tu nikiwa na kiu.

Zamani, kuomba simu ya nyumbani kulikuwa kama kuomba posa kwa ukoo wenye masharti. Unajaza fomu, unasubiri, unaambiwa uje mwezi ujao, na mwezi ujao hauna mwisho. Mfanyabiashara aliyetaka kuongea na Dar es Salaam alikuja kaunta, akataja namba, akakaa kwenye benchi mpaka aitwe. Wengine walikuja na chakula chao. Na sisi wa simu tulijiona, sitawaficha. Shirika lilikuwa moja tu, na duka likiwa moja mtaani mwenyewe hana haja ya kufagia mlangoni. Tulisalimiwa sokoni kwa unyenyekevu ambao hatukuustahili.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Kisaka, Mfipa mrefu, mkimya, mwenye baiskeli isiyokuwa na breki. Siku moja laini ya mteja mmoja wa Kakese ilikufa, nikatumwa. Mimi na ujana wangu nikaanzia ofisini, nguzo kwa nguzo, nikipanda na kushuka, nikifungua kila kiungo. Kufikia mchana nilikuwa sijafika hata nusu ya njia na viganja vimechubuka. Mzee Kisaka akanipita na baiskeli yake, akaenda moja kwa moja hadi nyumba ya mwisho. Mama mwenye nyumba alikuwa amevuta waya wa simu ukutani akauanikia kanga, na kanga zilikuwa bado mbichi.

Aliponirudia nilikuwa juu ya nguzo. "Shuka," akaniambia. "Anza kwa yule wa mwisho. Si ndiye aliyelalamika?"

Basi hiyo ndiyo shule niliyosoma. Mengine niliyapata kwa kuumia. Kabati la mnara usilifungue kwa pupa, ligonge kwanza na usikilize, maana nyuki wa Katavi wanapenda nyumba yenye umeme kuliko sisi. Kule Sitalike tulisimamisha nguzo nzuri kando ya hifadhi, na tembo mmoja aliyewashwa ubavu akaiona inamfaa. Tuliirudisha mara tatu. Mara ya nne tukaihamisha, tukamwachia uwanja wake. Na laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, niligundua kwamba mtu aliyelima kwa jembe maisha yake yote mashine haimtambui. Bibi anabonyeza kidole, mashine inasema hayupo! Dawa yake ni maji ya uvuguvugu na kitambaa, unaulainisha mkono taratibu, huku mnaongea habari za mvua ili asione haya. Wasajili wengi niliowaonyesha mbinu hiyo walikuwa wa umri wenu.

Sasa niwaambie jambo ambalo lilinichukua muda kuliamini. Nilikuwa naiona sera kama karatasi ya wakubwa. Serikali ilipotangaza kwamba kampuni nyingine zitaruhusiwa kuuza huduma ya simu, sisi mafundi tulikaa kikao cha msiba. Tulisema nchi imekwisha. Kumbe tulichokuwa tunakililia ni lile benchi letu la kaunta. Kampuni zikaja, zikagombania wateja, bei zikashuka, na simu ikaingia mfukoni mwa muuza karanga bila kumwomba ruhusa mtu yeyote.

Lakini zilifika mjini, zikafika Sitalike kwa sababu kuna barabara na wageni wa hifadhi, halafu zikasimama. Siwalaumu. Mnara unakunywa dizeli, unataka mlinzi, unataka fundi wa kuupandia masika barabara zikiwa tope. Nani apeleke mnara kwa watu wanaopiga simu mara moja kwa wiki?

Hapo ndipo ninapomvulia kofia mtu ambaye sijawahi kumjua. Mahali fulani, kwenye ofisi fulani, mtu alikaa akawaza hivi: kila anayeuza maongezi mjini achangie kidogo kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo umsaidie yeyote atakayekubali kujenga mnara pasipo na faida. Na atakayejenga asiwafukuze wenzake, wote watundike vyombo vyao hapohapo. Niliposimuliwa mara ya kwanza nilicheka. Nilisema hayo ni ya semina, yataishia kwenye chai na maandazi.

Yakaja kweli. Nimeona mwalimu ambaye zamani alifunga darasa siku tatu kila mwezi kufuata mshahara mjini, sasa anaupokea akiwa na chaki mkononi. Nimeona muuguzi wa zahanati akiagiza dawa kabla hazijaisha. Wauza mahindi wa Kakese walikuwa wakipakia gari kwa kubahatisha, wakifika sokoni wanakuta mahindi yamejaa. Siku hizi wanauliza kwanza, ndipo wanapakia. Hakuna aliyejengewa kiwanda. Watu walipewa tu uwezo wa kuuliza kabla ya kwenda, na uchumi wa wilaya ukaanza kutembea. Nawaambia, sijaona karatasi iliyofanya kazi kubwa kama ile.

Na mimi nusura niiharibu, kwa kitongoji kizima.

Wakati huo nilikuwa mpimaji. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unapewa orodha ya vitongoji, unafika kila kimoja na kifaa cha kupima, unaweka alama. Kuna mtandao, au hakuna. Chenye mtandao kinafutwa kwenye orodha ya kusaidiwa. Kisicho nao kinabaki kusubiri mnara.

Tulieni iko ndani kabisa, ukishapita Litapunga, majaruba ya mpunga pande zote, wenyeji wa siku nyingi wakichanganyika na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao. Tulipofika, mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Kasonso, alikuwa amevaa koti zito kwenye jua la kuchoma. Nyuma yake kuku alikuwa anakimbizwa. Nikaelewa kuku ni wangu.

"Bwana Simu, karibu sana," akasema. "Twende kwanza tukakuonyeshe mtandao."

Njia ilikuwa imefagiliwa. Mwishoni kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko nyumba. Walikuwa wamekichonga ngazi, wakaweka kipaa cha nyasi juu na magogo ya kukalia chini. Na kilikuwa na sheria zake. Anapanda mtu mmoja mmoja. Wazee wanatangulia, mwenye msiba anaruka foleni, na mwenye kuongea na mchumba anakuwa wa mwisho kwa sababu hajui kumaliza. Wengine wote wanakaa kwenye magogo na kusikia kila neno, maana pale juu lazima upige kelele.

Nikapanda. Kifaa kikaonyesha mawimbi mazuri tu, yanayotokea mbali upande wa barabara. Nikainua kidole gumba, watu wakapiga makofi.

"Si unaona!" Mzee Kasonso akaniambia. "Na sisi tumo!"

Nikaandika: Tulieni, kuna mtandao. Nikala kuku. Alikuwa mtamu, Mungu anisamehe.

Mwaka ukapita. Nikarudi upande ule kuukagua mnara mpya wa kitongoji jirani, ng'ambo ya kilima kinachozuia mawimbi, na njiani nikapita Tulieni kuomba maji. Juu ya kichuguu alikuwa amesimama Mama Kabula, Msukuma wa makamo, mkuu wa kikundi cha akina mama wanaolima mpunga. Alikuwa anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka.

"Unasema bei imepanda? Imepanda hapo Mpanda au wapi? Rudia!"

Kwenye gogo chini alikaa dalali wa mpunga, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, anachokonoa meno kwa njiti. Hakungoja hata simu ikatwe.

"Wewe mama, shuka!" akamwambia. "Nimeshasikia. Imepanda huko mjini, huku je? Gari nani atakuletea? Kesho napita nyumba kwa nyumba, wenzako wataniuzia tu."

Mama Kabula akashuka. Akanitambua, na hakunisalimia.

"Bwana Simu, ulipanda hapa ukasema unapimia mnara. Mnara umekwenda kwa jirani. Sisi tumekosa nini?"

Akanieleza habari yake, na nyinyi isikilizeni vizuri. Akina mama wale walikubaliana kuweka mpunga wao wote nyumbani kwake, wauze pamoja kwa mnunuzi mmoja wa mjini. Lakini kila akipanda kuongea na mnunuzi, dalali yuko chini na masikio yake. Akishajua bei, anawazungukia wenzake mmoja mmoja, anawatisha kwamba mnunuzi hatakuja, wanachukua magunia yao na kumpa. Na anachukua kwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu mpaka linashindwa kusimama.

"Mwaka jana ilikuwa hivyo," akasema. "Mwaka huu ikiwa hivyo tena, kikundi kimekufa. Wameniambia wenyewe. Hawatanipa hata debe."

Nikarudi kwenye gari nikafungua orodha. Tulieni: kuna mtandao. Mwandiko wangu. Wale watu walikuwa wamefutwa kwa sababu mimi nilisimama mahali pamoja tu, juu ya udongo wa mchwa, nikashiba makofi. Na orodha ya awamu iliyofuata ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi. Wakikosa hapo, hakuna aliyejua watasubiri mpaka lini.

Mwenzangu wa ofisini nilipomweleza alinishauri kama ndugu. "Unastaafu mwakani. Nyamaza, mzee. Nani atajua?"

Nilinyamaza siku tatu. Naandika hili kwa aibu. Siku ya nne nikazikumbuka kanga mbichi za Kakese, nikaona kwamba uzee wote huu bado naanzia kule kule ofisini. Nikachukua kifaa nikarudi Tulieni.

Safari hii nilianza na nyumba ya mwisho kabisa, ile ambayo nyuma yake ni pori. Nikapima kizingitini, nikapima ndani, nikapima jikoni. Hakuna kitu. Mama Kabula akaongozana nami, nyumba hadi nyumba, zizi hadi zizi, mpaka shuleni. Popote kifaa kilikuwa kimya. Nikajaza fomu upya, ikabaki sahihi ya mwenyekiti.

Mzee Kasonso akagoma.

"Unataka niandike hatuna mtandao? Nimeshawaambia wageni wote wa wilayani tunao. Leo mnataka kutuaibisha, tuonekane watu wa porini?"

Ndipo nikaelewa kosa letu sote wawili. Yule mzee hakunidanganya hata kidogo. Mgeni ukimpeleka, unampeleka panapopendeza. Unampa kiti kizima, unamwonyesha jaruba lililoshika maji, humpeleki nyuma ya nyumba. Alinionyesha kitu kizuri kuliko vyote walivyokuwa navyo, na mimi nikakiandika kama ndiyo hali yao ya kila siku.

Nikaomba watu waitwe. Nikasimama mbele yao nikasema, "Mnara wenu niliufuta mimi. Si serikali, si kampuni. Ni mimi, siku ile ya kuku."

Mzee Kasonso akatazama chini. "Lakini sisi ndio tuliokupeleka pale," akasema.

"Tulimpeleka," Mama Kabula akadakia, "na yeye angeuliza! Bwana Simu, uliwahi kutuuliza tunaongelea wapi usiku mtoto akiugua?"

Sikuwa nimeuliza. Nikasema hivyo hivyo.

Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Baba, kile kichuguu ni cha mchwa. Sisi pale ni wapangaji. Weka sahihi."

Watu wakacheka, na mzee naye akacheka kwa kujilazimisha, akavua koti, akaweka sahihi.

Nikatuma fomu pamoja na barua ya kukiri. Baada ya siku chache akanipigia mhandisi kutoka makao makuu, binti wa sauti ya kisomi.

"Shikamoo mzee. Naomba unieleze, uliwezaje kuandika kuna mtandao?"

"Marahaba. Nilikaribishwa vizuri mno, mwanangu."

Akacheka. Nikadhani yameisha. "Na vitongoji vingine vingapi vilikukaribisha vizuri?" akauliza.

Hapo hapakuwa na kicheko. Nilirudi kupima upya njia yangu yote. Vingine viwili vilikuwa hivyohivyo: kimoja walinipeleka juu ya mwamba, kingine kwenye tuta la bwawa la ng'ombe. Vyote vikarudishwa kwenye orodha pamoja na Tulieni. Na fomu zilizofuata zilikuja na mistari mipya: umesimama wapi ulipopima, ni umbali gani kutoka nyumba ya mwisho, je, umepima ndani ya nyumba. Niliposoma mistari ile nilikaa chini. Kumbe sera ambayo nilidhani imeshushwa kutoka juu inaweza kusahihishwa na mzee mwenye vumbi wa Mpanda, kwa barua ya kurasa mbili. Naipenda nchi yangu kwa mambo mengi, na hilo ni mojawapo.

Ninyi siku hizi mnapima kwa ramani za kompyuta, mnaona kijiji kizima mkiwa mmekaa kwenye kiti kinachozunguka. Ni kazi nzuri, naisifu bila wivu, au kwa wivu kidogo. Lakini kompyuta nayo inaweza kukupeleka kichuguuni. Siku moja moja vaeni viatu, nendeni jikoni kwa mtu, pimeni pale anapopikia.

Mnara wa Tulieni uliwashwa nikiwa nimeshastaafu. Sikualikwa, nikaenda kwa bodaboda kwa gharama zangu. Ulikuwa msimu wa mavuno. Chini ya mnara watu walikuwa wamesimama hatua mbili mbili wakipigiana simu wao kwa wao, wakiulizana habari za asubuhi. Mzee Kasonso alikuwa anampigia mkewe aliyekuwa amemshika mkono.

Mama Kabula hakuwepo. Nikamfuata nyumbani kwake. Alikuwa amesimama barazani, nyuma yake chumba kimejaa magunia ya kikundi mpaka darini, na yule dalali alikuwa ameshafika, amekaa juu ya pikipiki yake bila kushuka.

"Tumalizane basi," dalali alikuwa anasema. "Wenzako nimeshaongea nao."

Simu ya Mama Kabula ikaita. Akaitazama. Akanitazama mimi, akamtazama yule kijana.

"Nisubirini," akasema.

Akaingia ndani akafunga mlango.

Tukabaki nje. Mimi nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Dalali akasogeza shingo, akasogeza pikipiki, mwishowe akashuka na kuja karibu na ukuta.

"Anaongea na nani?" akaniuliza.

"Sijui."

"Wanasemaje?"

"Mimi nisikie nini? Mlango si umefungwa?"

Tukakaa. Kutoka ndani hapakutoka hata neno. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile kazini au nje ya kazi, na sikuwa nafanya chochote, nimekaa tu juu ya kinu machozi yananitoka kama mjinga.

Mlango ukafunguliwa. Mama Kabula akatoka, simu mkononi, akasimama kizingitini.

Yule kijana akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akasema.